Ninavyokagua gari la mkono wa pili kabla mteja hajatoa pesa

Wiki mbili zilizopita niliandamana na mwalimu mmoja kutoka Vihiga kwenda kuangalia Toyota Fielder iliyokuwa inauzwa hapa Kisumu, upande wa Mamboleo. Alikuwa ameweka akiba kwenye sacco miaka minne. Dalali naye alikuwa hampi nafasi ya kupumua, kila saa simu: kuna mtu yuko njiani na pesa taslimu. Tulipomaliza, mwalimu aliniomba nimwandikie hatua tulizofuata ili amtumie shemeji yake anayetafuta gari Nakuru. Nimeziandika hapa.

Hatua ya 1: Karatasi, kabla hujapanda matatu

Omba namba ya usajili na picha ya logibuku, ile hati ya umiliki wa gari. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nenda kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lipia nakala ya rekodi za gari. Ada yake haifiki shilingi 1,000. Utapata jina la mwenye gari, namba ya chesisi, ya injini, mwaka wa kutengenezwa na rangi. Vilinganishe na logibuku, halafu siku ya kuonana uvilinganishe na gari lenyewe, herufi kwa herufi, si kwa kutupia jicho.

Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwa pamoja na la mwenye gari, deni bado lipo. Lakini jina la mwenyewe likiwa peke yake pia usitulie. Tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha haki yake kwenye sajili maalumu, na sajili hiyo unaweza kuipekua kupitia eCitizen.

Muuzaji asiyetaka kukupa namba ya gari mpaka mwonane, mimi siendi kwake.

Hatua ya 2: Ulikute likiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba gari lisiwashwe siku hiyo mpaka ufike. Ukifika, salimia, kisha weka kiganja juu ya boneti kabla ya mazungumzo mengine. Ukikuta pana joto, nenda ukanywe chai urudi baada ya saa tatu, au uje kesho yake. Injini ikishapata moto, mlio wa cheni ya taimingi hupotea, moshi hupungua, na hata gari lililokuwa linachelewa kuwaka huwaka mara moja.

Fungua redieta likiwa hivyo hivyo baridi. Usiifungue kamwe ikiwa moto. Unataka kuona kuleni, yale maji ya kupozea injini, yenye rangi safi, ya kijani au ya waridi. Ukikuta maji ya mfereji yenye kutu, uliza yanapotelea wapi mpaka yanaongezwa ovyo. Fungua kifuniko cha oili. Utando mwembamba wa rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko unaweza kutokana na gari linalotembezwa safari fupi tu, lakini oili yenyewe kwenye kijiti ikiwa na rangi hiyo, maji yameingia, na mara nyingi gasketi ya kichwa imekufa.

Sasa liwashwe na muuzaji, wewe ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamutamu, ni kuleni. Mvuke mwembamba wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache si kitu.

Gari lililooshwa injini mpaka inang'aa asubuhi ya kuonyeshwa, mimi silipendi. Vumbi huonyesha mahali oili inapovujia.

Hatua ya 3: Bodi

Angalia bolti za mabawa na za bawaba za boneti. Rangi ikiwa imechubuka kwenye pembe zake, spana imepita hapo. Beba sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa: mahali palipojazwa fila, ile puti ya kuziba mabonde, haishiki. Vioo vyote viwe na chapa moja.

Kuhusu mafuriko: magari mengi yalizama Nairobi Aprili na Mei 2024, na huku kwetu bonde la Nyando hufurika mara kwa mara. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Watu huosha viti na kapeti, lakini kile kipande cha mkanda kinachokaa ndani ya nguzo hubaki na mstari wa tope. Angalia pia kutu kwenye bolti za viti.

Kilomita nazitafuta kwenye fremu ya mlango wa dereva au chini ya boneti. Magari ya Japani mara nyingi huja na kibandiko cha kubadilisha oili, kimeandikwa kilomita na mwaka wa kifalme. Ukiona Heisei, ongeza 1988: Heisei 29 ni 2017. Ukiona Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 3 ni 2021. Nimewahi kukuta kibandiko cha kilomita 112,000 kwenye gari ambalo dashibodi yake ilisoma 68,000. Muuzaji hakuwa anajua Kijapani, ndiyo maana alikiacha.

Hatua ya 4: Kupima kwa skana

Hapa tafadhali soma pole pole, kwa sababu hapa ndipo mimi nilipomponza mteja.

Ilikuwa 2021. Nilichomeka skana, kile kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, ikasema hakuna kosa lolote, nikamwambia mama aliyenileta kwamba injini ni safi. Akalipa. Siku ya tatu, akipanda kwenda Kakamega, taa ya injini ikawaka. Nilihangaika na gari hilo siku mbili. Nikabadilisha sensa ya oksijeni, nikafuta kosa, taa ikazima, akaenda, na baada ya siku mbili ikawaka tena. Kosa lilikuwa P0420, yaani masega, kile kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi, hayafanyi kazi yake. Mwishowe nikafungua ekzosi: masega hayakuwepo. Mtu alikuwa ameyatoa akayauza, akachomelea kopo tupu mahali pake. Kabla ya sisi kufika, muuzaji alikuwa amefuta kosa kwa skana kama yangu. Jambo hilo huchukua sekunde chache.

Kwa hiyo “hakuna kosa” peke yake haina maana yoyote. Fanya hivi.

Kwanza, kabla skana haijachomekwa, zungusha ufunguo mpaka dashibodi iwake bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS (breki) na ya eabegi lazima ziwake zote. Ile ya injini hukaa mpaka injini iwake. Nyingine huzima zenyewe baada ya sekunde chache. Taa ambayo haikuwaka kabisa imetolewa balbu au imezibwa. Nimekuta utepe mweusi nyuma ya dashibodi.

Pili, chomeka skana na usome makosa yaliyopo na yale yanayosubiri. Yanayosubiri ni yale kompyuta imeyaona mara moja lakini bado haijawasha taa.

Tatu, na hii ndiyo niliyokuwa siijui, fungua ukurasa wa redinesi. Kompyuta ya gari ina majaribio yake ya ndani, yanaitwa monita: ya masega, ya sensa za oksijeni, ya mvuke wa petroli, ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) na mengineyo. Mtu akifuta makosa, monita nazo hurudi mwanzo na kuandikwa kwamba hazijakamilika. Hukamilika gari likiendeshwa siku kadhaa kwa namna mbalimbali: kuwashwa likiwa baridi, kwenda mwendo mmoja barabara kuu, kusimama na kuondoka mjini. Ukikuta monita nyingi hazijakamilika, kumbukumbu imefutwa juzi juzi. Skana nyingi pia huonyesha kilomita zilizotembewa tangu makosa yafutwe. Nambari hiyo iandike.

Tahadhari sasa. Kutoa betri nako hurudisha monita mwanzo, kwa hiyo usimwite mtu mwizi. Ile Fielder ya mwalimu ilionyesha kilomita 6 tangu kufutwa. Nikamuuliza muuzaji, “Ndugu, betri iliguswa lini?” Akasema haijaguswa. Dalali naye, pale pale, akasema iliwekwa mpya jana. Majibu mawili, gari moja. Sikubishana nao. Nikaomba liendelee kutumika kawaida siku nne, na hakuna atakayetoa pesa kwa sasa. Mwalimu alikuwa na wasiwasi wa kulikosa. Tuliporudi, yule mnunuzi wa pesa taslimu hakuwa ametokea, monita zote zilikuwa zimekamilika isipokuwa moja, na hakuna kosa lililorudi. Kweli ilikuwa betri. Monita moja iliyobaki si shida. Ile ya mvuke wa petroli hasa huchelewa, na kuna magari ya Japani yasiyokuwa nayo kabisa.

Tahadhari nyingine: vile viskana vidogo vya Bluetooth vinavyotumia simu vingi husoma injini tu. Havioni ABS, eabegi wala giaboksi. Na magari ya soko la Japani, hasa yaliyotengenezwa kabla ya 2008 hivi, mara nyingi hayaongei navyo. Vikikataa kuunganisha, usidhani gari ni bovu wala zima; tafuta fundi wa umeme mwenye skana kamili. Mimi kwa kazi ya kununua situmii ya simu, na sitaki skana ya muuzaji wala fundi wake, hata awe rafiki yangu.

Hatua ya 5: Lipandishe mlima

Barabara ya tambarare haikuambii kitu. Hapa Kisumu tunatoka Mamboleo tunapanda hadi Kiboswa, ac ikiwa imewashwa. Shemeji yake mwalimu yuko Nakuru, apande ile barabara ya Menengai. Zima redio. Tazama joto la injini, na usikilize gia. Kwenye CVT, giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kupanda moja moja, ni kawaida injini kupandisha sauti ikakaa hapo. Isiyo kawaida ni sauti kupanda na kushuka huku gari haliongezi mwendo, au kutetemeka ukiondoka pole pole. Mkishuka, achia usukani kidogo sehemu iliyonyooka, kisha funga breki, uone kama gari linavuta upande.

Likiwa bado moto, weka D, kisha R, mguu ukiwa kwenye breki. Lisiwaze kwa muda mrefu, wala lisipige teke.

Hatua ya 6: Chini ya gari

Liingize kwenye shimo la gereji au kwenye rampu. Jeki peke yake usiingie chini yake. Angalia chesisi kama imechomelewa, buti za draiveshafti kama zimechanika, na kopo la masega kama lina mshono mpya.

Hatua ya 7: Pesa

Lipa kupitia benki, kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye rekodi ya NTSA. Andikeni mkataba wenye tarehe na saa gari lilipokabidhiwa, kwa sababu ajali au kosa lililotokea kabla ya saa hiyo ni lake, la baada yake ni lako. Kisha muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake mkiwa mmekaa pamoja, na wewe uukubali kwenye yako kabla hamjaagana. Mwalimu alifanya hivyo kwenye benchi la gereji yangu, simu ikiwa imebaki na chaji asilimia 9, nikakimbia kumtafutia chaja.