Toleo la Kwanza la Stephen King: Jinsi ya Kulitambua, Kulinunua na Kulikinga na Unyevu

Muuzaji akiandika "toleo la kwanza" kwenye tangazo, bado hajakuambia kitu. Vitabu vya Stephen King, mwandishi Mmarekani wa riwaya za kutisha, vilichapwa na kurudiwa kuchapwa, na klabu za vitabu za Marekani, zilizowauzia wanachama wao kwa posta, nazo zikatoa nakala zao zinazofanana sana na zile za dukani. Wauzaji wengi hata hawakusudii kudanganya. Wanafungua kitabu, wanaona 1977, wanaridhika. Mwaka peke yake hauthibitishi lolote. Ushahidi uko sehemu tatu: ukurasa wa haki miliki, ukingo wa ndani wa kurasa za mwisho, na kona za jaketi, yaani lile koti la karatasi linalovishwa juu ya jalada gumu.

Anza na vile vya Doubleday

Kati ya 1974 na 1978 kampuni ya Doubleday ilitoa vitabu vitano vya King, na ndivyo vinavyowasumbua wakusanyaji wengi. Kwenye ukurasa wa haki miliki tafuta maneno "First Edition". Yasipokuwepo, funga kitabu. Hiyo ni chapa ya baadaye au ni ya klabu. Yakiwepo, nenda kwenye kurasa za mwisho uangalie pale karatasi inapozama kwenye mshono. Utaona herufi moja na tarakimu, zimechapwa kwa maandishi madogo sana. Hivi ndivyo zinavyotakiwa kuwa kwenye chapa ya kwanza:

Carrie (1974): P6, ukurasa wa 199
'Salem's Lot (1975): Q37, ukurasa wa 439
The Shining (1977): R49, ukurasa wa 447
Night Shift (1978): S52, ukurasa wa 336
The Stand (1978): T39, ukurasa wa 823

Herufi ni mwaka wa kuchapwa na tarakimu ni wiki ya mwaka huo. P ni 1974, Q ni 1975, na kuendelea. Kwa hiyo R49 ni wiki ya 49 ya 1976, na ndiyo maana The Shining iliweza kuwa madukani Januari 1977. Ukishaelewa mpango huu huhitaji kukariri orodha nzima: Carrie yenye herufi S ilichapwa 1977 au karibu na hapo, basi si chapa ya kwanza, hata muuzaji aape kwa mama yake.

Msimbo huu mara nyingine umefichwa nusu na gundi. Usikipanue kitabu mpaka mgongo ulie. Kifungue kiasi cha nyuzi 90, kiegemeze pande zote mbili kwa vitabu vingine, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka upande, si kutoka juu. Mwanga wa pembeni huonyesha hata herufi iliyofifia.

'Salem's Lot na kona iliyokatwa

Kwa kawaida jaketi lililokatwa kona yenye bei hushuka thamani, kwa sababu watu walikuwa wakikata bei kabla ya kumpa mtu kitabu kama zawadi. Kwa 'Salem's Lot mambo ni kinyume. Jaketi lilichapwa na bei ya dola 8.95. Kabla kitabu hakijatoka bei ikateremshwa hadi 7.95, kwa hiyo mchapishaji mwenyewe akakata kona na kuchapa bei mpya. Jaketi hilo lina kosa jingine: maelezo ya kwenye kikunjo, yaani sehemu ya jaketi inayokunjwa ndani ya jalada, yanamtaja kasisi kwa jina la Father Cody, ilhali kasisi wa hadithi ni Father Callahan.

Kwa hiyo kuna hali tatu za jaketi. Ya kwanza ina 8.95 na Cody, na ni adimu mno. Anayekutangazia hiyo kwa bei ya kawaida ana jaketi la bandia au hajui anachouza. Ya pili imekatwa kona, ina 7.95, na bado inasema Cody. Ya tatu ina 7.95 bila kukatwa, na jina limesahihishwa kuwa Callahan. Kabla hujalipa, omba picha ya kikunjo cha mbele chote, kutoka kona ya juu hadi ya chini, maandishi yasomeke. Muuzaji anayekutumia picha ya nusu kikunjo ana sababu yake.

(Callahan, kwa wanaopenda kuunganisha hadithi, alirudi 2003 kwenye Wolves of the Calla, kitabu cha tano cha The Dark Tower, mfululizo wa riwaya za King. Kosa la jina moja kwenye karatasi ya 1975 limekuwa na uzito kuliko alivyotarajia mhariri yeyote.)

Nakala za klabu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nakala ya klabu ya vitabu ina mchoro uleule na mwaka uleule, na ikiwa ya Doubleday huwa na msimbo wa mshononi vilevile. Ndiyo maana msimbo bila maneno "First Edition" hautoshi. Dalili zake ni hizi: kikunjo cha mbele hakina bei, na mara nyingi kuna maneno "Book Club Edition" kwenye kona ya chini, kitabu ni kidogo kidogo na chepesi, karatasi yake ni ya hali ya chini na huwa imegeuka rangi, na jalada la nyuma, chini karibu na mgongo, mara nyingi lina kishimo kidogo cha duara au cha mraba kilichobonyezwa bila wino. Vua jaketi, pitisha kidole hapo. Kidole hukiona kabla ya jicho.

Jihadhari na ndoa ya kulazimisha: jaketi halisi la dukani lililovishwa kitabu cha klabu. Likivishwa kitabu kidogo, jaketi huzidi urefu kwa milimita kadhaa, na mikunjo ya zamani haikutani na kingo za jalada. Jaketi za kunakiliwa nazo zinauzwa wazi kwa ajili ya kupamba, na waaminifu huandika hivyo kwenye kikunjo. Asiyeandika hugunduliwa kwa kikuza: karatasi nyeupe mno, herufi zenye kingo za ukungu, na mikunjo isiyo na dalili ya miaka 50 ya kuguswa.

Viking, Bachman na Grant

Kuanzia The Dead Zone (1979), vitabu vingi vilitoka kampuni ya Viking, na hapo kazi ni nyepesi: ukurasa wa haki miliki useme kilichapishwa mara ya kwanza mwaka huo, na kusiwe na mstari unaotaja chapa ya pili au ya baadaye. Kukiwa na safu ya tarakimu inayohesabu chapa, 1 lazima iwemo. Jaketi la It (1986) liwe na bei ya 22.95. Vitabu hivi vilichapwa kwa wingi, kwa hiyo usikubali nakala iliyochakaa, nyingine zipo.

Vya Richard Bachman, jina la siri la King, vina ugumu wa aina nyingine. Vinne vya mwanzo, Rage (1977), The Long Walk (1979), Roadwork (1981) na The Running Man (1982), vilitoka kampuni ya Signet kwa jalada laini tu. Vilitengenezwa visomwe ndani ya basi na kutupwa, kwa hiyo chenye mgongo usio na mikunjo ni nadra. Rage haichapwi tena: King mwenyewe aliomba iondolewe baada ya visa vya risasi mashuleni. Njia nafuu ya kuipata ni mkusanyo wa The Bachman Books wa 1985, lakini angalia yaliyomo kwanza, maana chapa za baadaye za mkusanyo huo hazina Rage.

The Gunslinger, kitabu cha kwanza cha The Dark Tower, ilitoka 1982 kwa mchapishaji Donald M. Grant, nakala 10,000 za kawaida na 500 zilizosainiwa na King na mchoraji Michael Whelan. Mwaka 1984 zikaja nyingine 10,000, na hizo zimeandikwa kuwa ni toleo la pili. Watu huuza za 1984 kwa bei ya 1982 kila siku.

Saini

Saini za kughushi za King ni nyingi. Iliyo salama zaidi ni ile iliyo sehemu ya kitabu: ukurasa maalumu wenye namba ya nakala, kama The Stand kamili ya 1990, nakala 1,250 ndani ya sanduku jeusi la mbao, zilizosainiwa na King na mchoraji Bernie Wrightson. Cheti alichojichapia muuzaji mwenyewe hakina uzito wowote.

Kuagiza

Kabla ya kulipa omba picha saba: ukurasa wa haki miliki, msimbo, vikunjo vyote viwili, jalada la nyuma bila jaketi, mgongo juu na chini, na kingo za kurasa kitabu kikiwa kimefungwa. Uliza kama kilikuwa cha maktaba, maana mihuri na mabaki ya gundi ya mfuko wa kadi hayatoki. Fahamu pia kwamba katika madaraja ya wauzaji wa Marekani, "Good" ni kitabu kilichochoka kinachosomeka. Mkusanyaji anatafuta "Near Fine" au zaidi.

Kwa safari ya kuja Afrika Mashariki mwombe muuzaji akifunge kwanza ndani ya mfuko wa plastiki, halafu vipande viwili vya kadibodi vinavyozidi kitabu kwa sentimita 2 kila upande, ndipo kiingie kwenye boksi. Kona zikipondwa njiani hazinyooki. Na gundi ya tepu isiguse jaketi hata kidogo.

Kwa kusoma na kujadiliana, acha hazina kabatini. Meza za mitumba za Nairobi na Dar es Salaam zina jalada laini za kutosha, na hizo ndizo za kuazimana. Ila kundi la wasomaji likubaliane kwanza linasoma matini ipi. The Stand ya 1978 inasimuliwa kwenye miaka ya 1980. Ile ya 1990 ina mamia ya kurasa zilizorudishwa na matukio yamesogezwa hadi 1990. The Gunslinger nayo iliandikwa upya 2003. Nusu ya mabishano kuhusu "King hakusema hivyo" hutokana na watu wawili kushika vitabu viwili tofauti.

Pwani na unyevu

Mombasa, Tanga, Zanzibar: adui hapa ni hewa. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 65, ukungu unaweza kuota. Nunua kipima unyevu kidogo, kiweke ndani ya kabati na si ukutani. Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Acha sentimita 5 hewa ipite. Usitie vitabu kwenye mfuko uliofungwa kabisa bila jeli ya silika, kwa sababu unakuwa umefungia unyevu ndani. Jeli ikibadilika rangi ikaushe ndani ya oveni kwa nyuzi 120 mpaka rangi irudi.

Jaketi livishwe karatasi angavu ya poliesta, si plastiki laini ya kufungia madaftari. Ile laini hutoa kemikali, hung'ang'ania wino, na ukija kuivua inaondoka na rangi.

Ukiona vumbi kama unga chini ya kitabu au vitobo kwenye mgongo, kuna wadudu. Usipulize dawa. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache saa 24 kikiwa bado kimefungwa. Ukifungua mapema, umande utatua kwenye jaketi badala ya kutua juu ya plastiki.