Jinsi ya kusoma pendekezo la kituo kikubwa cha betri kabla kijiji hakijatoa kauli

Kampuni inapoleta kijijini pendekezo la kituo cha kuhifadhi umeme kwa betri, watu huonyeshwa kwanza picha: makontena meupe yamepangwa kwenye majani, uzio mzuri, miti michanga pembeni. Picha haimfungi mtu yeyote. Kinachofunga ni michoro yenye vipimo, viambatisho vya maombi, masharti ya kibali na mkataba wa ardhi. Dai vyote vinne kwa maandishi, tena mapema, maana muda wa kutoa maoni ukishaisha hoja nzuri na hoja mbaya huwa sawa.

Anzeni na namba mbili

Mradi hutangazwa kwa megawati. Peke yake namba hiyo haitoshi. Megawati ni upana wa bomba. Megawati-saa ni ukubwa wa tenki. Kituo cha megawati 100 chenye megawati-saa 400 hutoa umeme kwa kasi yake yote kwa saa nne. Kile cha Hornsdale, Australia Kusini, kilichowashwa mwaka 2017, kilianza na megawati 100 na megawati-saa 129, yaani saa moja na dakika kama 17 tu. Kwa megawati vinalingana. Kwa idadi ya makontena havikaribiani.

Hesabu ni rahisi. Kontena la kisasa la futi 20 hubeba takriban megawati-saa 5, kwa hiyo megawati-saa 400 ni makontena 80. Ongezeni inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa gridi) na transfoma ndogo kwa kila kundi la makontena, transfoma kuu, na chumba cha swichi. Idadi mliyoipata ikitofautiana sana na ya kwenye mchoro, ulizeni kwa nini.

Swali linalosahaulika ni la nyongeza. Betri za lithiamu huchoka mwaka hadi mwaka, na kampuni iliyoahidi kiwango fulani cha umeme italazimika kuongeza makontena baadaye. Nafasi za makontena hayo lazima zionekane kwenye mchoro wa leo, na tathmini za kelele na moto ziyahesabu kama tayari yapo. Yasipohesabiwa, mnajadili nusu ya kituo.

Moto: sehemu ya kukaa nayo muda mrefu

Ulizeni kemia ya betri. Miradi mingi mipya hutumia lithiamu-chuma-fosfeti (LFP), ambayo ni ngumu zaidi kushika moto kuliko ile ya nikeli, manganizi na kobalti (NMC). Ngumu zaidi, siyo kwamba haiwezekani. Seli, yaani betri moja ndogo kati ya maelfu yaliyomo ndani ya kontena, ikiharibika na joto lake likapita kiwango cha kuzuilika, hutoa gesi: hidrojeni, kaboni monoksaidi, mvuke wa kemikali zinazowaka, na hidrojeni floraidi ambayo ni sumu. Gesi hiyo ikiwaka palepale mna moto. Isipowaka ikajikusanya ndani ya kontena, mna mlipuko unaosubiri cheche.

Hilo ndilo lililotokea McMicken, Arizona, Aprili 2019. Mfumo wa kuzima moto ulifanya kazi yake na kumwaga dawa, lakini dawa haikusimamisha joto ndani ya seli. Gesi ilijaa, wazimamoto wakafungua mlango, hewa ikaingia, na mlipuko ukawajeruhi vibaya. Kwa hiyo msiridhike na jibu kwamba "kuna mfumo wa kuzima moto". Ulizeni gesi inatolewaje: kuna vitambuzi vya gesi vinavyowasha feni za kuitoa nje? Kuna paneli za paa zinazofunguka kwa shinikizo? Feni hizo zinapata umeme wapi ikiwa kituo kimezimwa?

Kisha dai ripoti ya majaribio ya UL 9540A ya modeli ileile itakayofungwa. Hapa kuna mtego mdogo. Mtu akikwambia betri zao "zimefaulu UL 9540A", ama hajui ama anapamba maneno: hiyo ni njia ya kupima, haina kufaulu wala kufeli. Wapimaji hupasha joto seli, halafu moduli (kundi la seli), halafu kabati zima, na kuandika kilichotokea. Fungueni ripoti mtafute mambo matatu: gesi ilikuwa kiasi gani na ya aina gani, moto ulitoka kwenye kabati moja kwenda jingine au haukutoka, na makabati yalikuwa umbali gani wakati wa jaribio. Umbali huo ukiwa mkubwa kuliko wa kwenye mchoro wenu, ripoti haiwahusu.

Maombi mengi huandika "modeli hii au inayolingana nayo", kwa sababu kampuni hununua betri mwishoni, bei ikishuka. Si kosa, lakini sharti liandikwe: modeli ikibadilika, tathmini za moto, gesi na kelele zirudiwe na kukubaliwa kabla ya kontena la kwanza kufika.

Chukueni rula mpime michoro. Mwongozo wa baraza la wakuu wa zimamoto la Uingereza wa mwaka 2023 ulipendekeza mita 6 kati ya makontena, isipokuwa muundo uthibitishe kwamba umbali mdogo unatosha. Kiwango cha Marekani cha usalama wa vituo vya betri, NFPA 855, nacho huruhusu kupunguza nafasi kukiwa na majaribio. Basi makontena yakibanwa, uliza jaribio liko wapi. Kituo cha Moss Landing, California, kilichoungua Januari 2025 na kulazimisha watu kuhamishwa, kilikuwa na betri za NMC zilizowekwa ndani ya jengo moja la mtambo wa zamani. Makontena yaliyotengana nje yana hatari nyingine, ndogo zaidi, na si haki kuyahukumu kwa moto ule. Lakini mtu akipendekeza jengo, kumbukeni.

Maji nayo yahesabiwe. Mwongozo huohuo wa Uingereza ulitaja angalau lita 1,900 kwa dakika kwa saa mbili, yaani lita 228,000. Mahali pasipo na bomba la zimamoto, gari la lita 10,000 lingehitaji safari 23. Ndiyo maana tenki au bwawa hujengwa ndani ya eneo lenyewe, na mchoro uonyeshe ujazo wake na pa kuunganishia mpira. Mara nyingi maji hayo hayazimi kontena linaloungua. Hupoza makontena ya jirani huku lenyewe likiachwa liishe. Maji yaliyopita kwenye moto yana kemikali, kwa hiyo uwepo mtaro wenye vali inayofungwa na bwawa lenye sakafu isiyovuja. Kisima au kijito kikiwa chini ya mteremko, hili ni la kwanza, si la tano.

Njia za kuingilia ziwe mbili, pande tofauti. Upepo ukisukuma moshi kwenye lango pekee, gari la zimamoto litabaki barabarani.

Kipindi cha majaribio kabla ya kuwashwa rasmi ni cha hatari kuliko watu wanavyodhani. Moto wa Victorian Big Battery, Australia, Julai 2021, ulianza wakati wa majaribio: kimiminika cha kupozea kilivuja ndani ya kitengo kilichokuwa kimezimwa, na kwa kuwa kilikuwa kimezimwa, ufuatiliaji wa mbali haukuwa ukikiona vizuri. Sharti la kudai hapa ni fupi: ufuatiliaji wa saa 24 na mpango wa dharura uliokubaliwa na zimamoto vianze siku betri ya kwanza inaposhushwa, siyo siku ya uzinduzi.

Kelele

Katika kila uniti 100 zinazoingia, takriban 85 ndizo hurudi kwenye gridi. Sehemu kubwa ya zilizopotea hugeuka joto, na joto hufukuzwa kwa feni na pampu. Hizo, pamoja na mngurumo wa transfoma na inveta, ndizo jirani atakazosikia, hasa usiku wa joto wakati betri zinafanya kazi.

Tathmini ya kelele isomwe ukurasa wa dhana zake kwanza. Je, feni zimehesabiwa kwa kasi ya juu au ya wastani? Ukimya wa kawaida ulipimwa usiku, kwenye nyumba iliyo karibu zaidi, au barabarani mchana? Kuna nyongeza kwa sauti ya mlio mmoja, ambayo husumbua kuliko namba inavyoonyesha? Kwa chanzo kimoja kidogo, umbali ukizidishwa mara mbili sauti hupungua desibeli 6: desibeli 60 kwenye mita 50 huwa 54 kwenye mita 100, 48 kwenye mita 200, na 42 kwenye mita 400. Safu ndefu ya makontena hupungua polepole zaidi ukiwa karibu nayo. Kijiji ambacho usiku wake uko chini ya desibeli 30 kitazisikia 42 waziwazi. Tiba iko kwenye ramani: geuzeni feni zielekee upande usio na watu, sogezeni inveta katikati, ndipo mfikirie ukuta.

Barabara na udongo

Kontena lililojaa la megawati-saa 5 huzidi tani 40, bila kuhesabu lori na trela. Tembeeni njia yote itakayotumika mkiandika kila kalvati, daraja na kona, na mpige video yenye tarehe kabla kazi haijaanza. Bila hiyo, kila ufa utakuwa "ulikuwepo". Udongo wa juu urundikwe peke yake, usichanganywe na wa chini, la sivyo shamba halitarudi kuwa shamba.

Kuhusu ajira msidanganyane: ujenzi huleta watu wengi kwa miezi kadhaa, halafu kituo huendeshwa kwa mbali na mafundi huja kwa ratiba. Manufaa ya kudumu yatafutwe kwenye kodi, pango na mfuko wa kijiji, kwa kiasi kilichoandikwa.

Ardhi, na siku ya kuondoka

Mwenye shamba asome nani hasa anasaini. Mara nyingi ni kampuni ndogo iliyoundwa kwa mradi huu tu, isiyo na mali nyingine, na mkataba unairuhusu kuuza haki zake kwa yeyote. Ndiyo sababu dhamana ya kubomoa, yaani fedha za kukiondoa kituo kazi yake ikiisha, ni muhimu kuliko pango la mwaka wa kwanza. Iwe ya benki, iwekwe kabla ya ujenzi, kiasi chake kipigiwe hesabu na mhandisi huru na kupitiwa upya kila miaka mitano. Kampuni ikitaka kupunguza thamani ya vyuma na betri chakavu kutoka kwenye kiasi hicho, kataeni: LFP haina kobalti wala nikeli, na kuisafirisha na kuichakata kunaweza kugharimu kuliko kinachopatikana. Taja pia kinachoanzisha ubomoaji, kwa mfano miezi 12 mfululizo bila kutoa umeme, na kina cha kung'olewa kwa zege na nyaya.

Kugeuza ahadi kuwa sharti

Gawaneni nyaraka: mmoja moto, mwingine kelele, mwingine maji na barabara, mwingine mikataba. Kila ahadi iliyotamkwa mkutanoni iandikwe na itafutwe kwenye maombi. Isipoonekana, ipendekezeni kwa mamlaka ya mipango kama sharti, kwa lugha inayopimika. "Kampuni itajitahidi kupunguza kelele" haipimiki. Hii inapimika: "Kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi, feni zote zikiwa kasi ya juu, kelele za kituo zisizidi desibeli 35 nje ya dirisha la nyumba yoyote iliyokuwepo siku ya kibali, kipimo kifanywe na mtaalamu huru ndani ya miezi mitatu ya kuanza kazi, na matokeo yatolewe kwa wakazi." Ongezeni sentensi moja zaidi, ambayo kampuni huipinga kuliko zote: kipimo kikizidi, kituo kipunguze kasi ya kuchaji na kutoa umeme katika saa hizo hadi kasoro irekebishwe.