Mwani wa nywele: usidanganywe na kipimo kinachosoma sifuri

Tangi la matumbawe likijaa mwani wa kijani wenye nyuzi huku kipimo cha fosfeti (kirutubisho kinacholisha mwani) kikionyesha 0, usidhani maji ni safi. Mwani umeshaifyonza fosfeti kabla hujaipima. Kwa hiyo anza kwa mkono. Zima pampu, ng'oa mwani kwenye mawe huku ukivuta vipande kwa mpira mwembamba, maana kipande kinachobaki huota upya kwingine. Jiwe linalotoka bila kuumiza matumbawe lisugulie nje, ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yataua bakteria wake wazuri wanaosaidia kusafisha maji.

Pima pia maji yaliyochujwa kabla ya kuyatia chumvi. Yakikutwa na madini yaliyoyeyuka, badilisha vichujio kwanza. Vinginevyo kila unapofidia maji yaliyovukizwa unalisha mwani.

Chembechembe za oksidi ya chuma za kunasa fosfeti ni nzuri, lakini anza na nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Fosfeti ikishuka ghafla matumbawe hupauka, na ikifika sifuri pamoja na naitreti (kirutubisho kingine), dinoflajelati, vijiumbe vidogo sana, huweza kushika nafasi: ute wa kahawia wenye mapovu, msumbufu kuliko mwani wenyewe. Lenga fosfeti miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita, naitreti 5 hadi 10.

Konokono watie baada ya kung'oa. Wengi wao hula machipukizi mafupi, nyuzi ndefu hawazigusi.