Uchafu, Najisi na Hadathi: Jinsi ya Kujiandaa kwa Swala Ukitoka Kazini

Msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ukifika, vijana wetu wa Mtwara huja madrasa na swali lilelile: "Ustadhi, nguo zimejaa salfa, nitaswalije?" Na mara nyingi anayeuliza ameshaipitisha Adhuhuri. Kung'uta, tia udhu, swali. Salfa si najisi.

Nafundisha hivi, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani hii.

1. Tambua ulichonacho. Tope la mikokoni, jasho, magamba ya samaki: huo ni uchafu tu. Mkojo, kinyesi, damu, usaha na matapishi ni najisi, yaani uchafu ambao sheria inataka uuondoe kabla ya kuswali. Hadathi, yaani hali inayokuzuia kuswali mpaka utie udhu au uoge, haionekani kwa macho: umetokwa na upepo, umelala kitandani, una janaba (umefanya tendo la ndoa au umetokwa na manii). Mwenye janaba hata aoge kwa sabuni ya manukato na kuvaa kanzu iliyopigwa pasi, kama hakutia nia ya josho, yaani kuoga kwa ajili ya kuondoa janaba, bado hajawa tayari kuswali.

2. Ondoa najisi. Hapa beseni ndilo linalotuponza. Nguo yenye mkojo ukiitumbukiza kwenye maji yasiyofika "kula mbili", kipimo cha maji katika fikihi, yaani kama lita 200 hivi, maji yote yananajisika, na povu la sabuni halisaidii kitu. Fikicha kwanza mpaka najisi yenyewe itoke, kisha mimina maji kwa kopo juu ya nguo, yapite yaende zake. Maji yaijie nguo, si nguo iyafuate maji. Doa likigoma baada ya kufikicha kwa bidii, rangi yake imesamehewa. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka 2 na hajala chakula zaidi ya maziwa, unyunyizie maji yaeneze pote. Wa kike uoshwe. Chombo alicholamba mbwa huoshwa mara 7, moja kwa maji yenye udongo.

3. Kagua ngozi. Wabanguaji korosho hubaki na weusi vidoleni. Weusi huo ni rangi tu, kama hina, hauzuii maji. Utomvu ulioganda, lami au rangi ya kucha, hivyo vina tabaka: bandua kwanza.

4. Tia udhu. Nia iwe pamoja na kuanza kuosha uso, halafu mikono mpaka viwikoni, upake maji kichwani, uoshe miguu mpaka vifundoni, kwa mpangilio huo. Mvuvi wa Mikindani asitayamamu (asitumie udongo badala ya maji) kwa kukosa maji ya bomba; maji ya bahari ni twahara, yaani safi kisheria, na yanatwaharisha.

5. Sasa usafi wenyewe. Swala ya anayenuka samaki inasihi. Lakini Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiukaribie msikiti, kwa kuwaudhi wenzake, sembuse shati la mnada wa samaki. Beba shati la pili, ulitundike mbali na ndoo za samaki.