Namna ya kuupima mfuko wako wa pensheni kabla hujastaafu

Tangu Agosti 2018, mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, watumishi wa umma nchini Tanzania wamekuwa na mfuko mmoja, huku NSSF ikibaki na wafanyakazi wa sekta binafsi na waliojiajiri. Kwa kuwa mwanachama hawezi kuhama mfuko kama anavyohama benki, silaha aliyo nayo ni ukaguzi, na ukaguzi huo unapaswa kufanyika akiwa bado kazini, wakati kasoro zinarekebishika.

Anza kwa kupata taarifa ya michango. Mwanachama wa PSSSF anaweza kuiona kupitia programu ya PSSSF Kiganjani, na wa NSSF kupitia huduma za mtandaoni za mfuko au katika ofisi yake iliyo karibu. Usiridhike na jumla iliyoandikwa chini. Iweke taarifa hiyo kando ya slipu zako za mshahara na upitie mwezi baada ya mwezi. Kinachopaswa kuonekana ni asilimia 20 ya mshahara unaokatwa mchango: kwa PSSSF, mtumishi hutoa 5 na mwajiri 15, kwa NSSF, mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10 na mwajiri hutoa zinazobaki. Mwezi ulio mtupu mara nyingi humaanisha kwamba mwajiri alikata fedha bila kuziwasilisha, au aliziwasilisha zikaingia pengine, jambo linalowakuta hasa wenye namba mbili za uanachama au wale ambao jina lao la NIDA linatofautiana, hata kwa herufi moja, na lile lililo kwenye kumbukumbu za mfuko.

Ukikuta pengo, andika barua kwa mfuko, ambatisha nakala za slipu za miezi husika, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usikubali kuambiwa ukamalizane na mwajiri wako, kwa sababu mamlaka ya kukagua waajiri na kuwadai michango ni ya mfuko wenyewe. Kwa maoni yangu hapa ndipo ubora wa mfuko unapopimika kuliko mahali pengine popote, maana majengo na matangazo hayamwongezei mstaafu mwezi hata mmoja wa uchangiaji.

Baada ya hapo, kokotoa mwenyewe. Kwanza hakikisha umetimiza, au utatimiza, miezi 180 ya kuchangia, kwani chini ya hapo hakuna pensheni ya kila mwezi. Kisha tafuta wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya miaka 10 ya mwisho, uuzidishe kwa idadi ya miezi uliyochangia na ugawe kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia fulani ya pensheni hiyo, iitwayo sehemu ya mkupuo, huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa pamoja, na inayobaki hugawanywa kwa 12 ikawa pensheni ya mwezi. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, cha Julai 2022 kiliweka mkupuo kuwa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani walistahili 50, na hadi 35 kwa wale waliokuwa wakipata 25.

Tuchukue mwanachama wa NSSF aliyechangia miezi 360, mwenye wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ya mwaka ni takribani 7,448,000. Kwa kuwa yumo katika kundi la waliokuwa wakipata 25, mkupuo wake wa asilimia 35 ni kama 32,586,000, na pensheni ya mwezi ni kama 403,400. Mwajiri wake akiwa hakuwasilisha michango ya mwaka mmoja tu, mkupuo unapungua kwa takribani 1,086,000 na pensheni kwa takribani 13,400 kila mwezi, maisha yake yote.

Malalamiko mengi kuhusu kikokotoo yanahusu udogo wa mkupuo, nami nayaelewa, kwa sababu wengi huutegemea kumalizia nyumba. Hata hivyo, kile kizidisho cha 12.5 kina maana yake: fedha unayoikosa kwenye mkupuo hurudi kupitia pensheni ya mwezi katika miezi 150. Anayestaafu akiwa na miaka 60 huwa ameirudisha akiwa na miaka 72 na nusu, na akiishi zaidi ya hapo mkupuo mdogo unakuwa umemfaa zaidi, ilimradi pensheni isichelewe.

Wanaotaka kuongeza akiba kupitia bima ya maisha wanahitaji ukaguzi wa aina nyingine. Kabla ya kusaini, mtake wakala akuonyeshe kwa maandishi utarudishiwa kiasi gani ukiacha kulipa mwaka wa tatu, na si kile utakachopata mwishoni pekee, kwa sababu kwenye mikataba mingi ya namna hii anayeacha mapema hurudishiwa pungufu ya alichokwisha kulipa. Hakikisha pia kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Mgogoro wa madai ukishindikana kumalizwa na kampuni, unaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.