Haki yako haimo kwenye katiba? Hivi ndo unavyoweza kuitetea

Mtu akidai haki yake, jibu analopewa haraka haraka ni "tuonyeshe ibara". Akipekua katiba asiikute, anaishia kunyamaza. Usinyamaze. Mimi naamini kabisa katiba inatakiwa ilinde hata haki ambazo haikuzitaja, maana walioiandika hawakuweza kuona kila namna ambayo dola itakuja kumbana mtu, ila kuamini tu hakutoshi, lazima ujue hoja yako unaishikiza wapi.

Anza kwa kuangalia kama katiba yenyewe imeacha nafasi, nyingi zimeacha na watu hawajui. Ya Uganda ya 1995, ibara ya 45, inasema kabisa kwamba haki kutotajwa kwenye sura ile haimaanishi kwamba haipo. Kenya 2010, ibara ya 19(3), nayo inasema zilizoorodheshwa haziondoi haki nyingine zinazotambuliwa au kutolewa na sheria, mradi zisigongane na sura hiyo (soma vizuri hapo kwenye "sheria", yaani utatakiwa uonyeshe sheria inayoitambua, huwezi kuitoa hewani). Marekani wana marekebisho ya 9 ya katiba tangu 1791, yanayosema haki kadhaa kuorodheshwa hakuondoi nyingine walizonazo wananchi, na yalitokana na hofu hii hii, kuna watu walikuwa wanapinga orodha ya haki wakisema kitakachosahaulika kitahesabiwa kimeachiwa serikali, na Madison, mbunge aliyeandaa orodha hiyo, mwaka 1789 akakubali kwamba hoja hiyo ina uzito ndo akapendekeza kipengele cha kuizuia.

Kama hakuna kipengele cha namna hiyo, tafuta haki mama, yaani haki iliyoandikwa ambayo bila ya kwako kuwepo yenyewe inabaki jina tupu. India walifanya hivyo vizuri sana. Serikali ilisema faragha haimo kwenye katiba, ikaegemea hukumu za 1954 na 1962, lakini mwaka 2017 majaji 9 wa Mahakama ya Juu wote kwa pamoja wakasema imo, ndani ya ibara ya 21 inayolinda uhai na uhuru wa mtu, kwa sababu uhai wenye heshima huwezi kuupata huku kila kitu chako kinachunguliwa.

Sasa hapa ndo wengi wanaangukia, kuipa haki jina. Ukiitaja kwa upana sana jaji atakuuliza mipaka yake iko wapi na utakosa jibu. Ireland mwaka 2020 wanaharakati walidai haki ya mazingira bora, Mahakama ya Juu ikasema haki hiyo haieleweki vya kutosha, ikaikataa kwa namna ilivyoletwa, ingawa mpango wa serikali wa tabianchi uliokuwa unapingwa ulifutwa kwa kuvunja sheria ya kawaida ya bunge. Linganisha na nchi hiyo hiyo mwaka 1965, mama mmoja alipinga floridi kwenye maji ya bomba akidai haki ya mwili wake kutodhuriwa. Alishindwa kesi maana madhara hayakuthibitika, lakini haki yenyewe ikakubaliwa japo haijaandikwa popote, na waliokuja baadaye wakaitumia. Kilichosaidia ni kwamba inajulikana ni ya nani na serikali inatakiwa isifanye nini.

Ukiibana sana nayo unajiua mwenyewe. Katiba ya Marekani haitaji ndoa popote, ungeuliza mwaka 1967 kama kuna haki ya kuoa mtu wa rangi nyingine, historia ya majimbo mengi ingekujibu hapana, lakini kwenye kesi ya Loving ya mwaka huo Mahakama ya Juu iliongelea uhuru wa kuoa wenyewe, pamoja na usawa, na marufuku ya jimbo la Virginia kwa ndoa za namna hiyo ikaanguka. Kwa hiyo jaribu majina matatu manne kwanza, kila moja lijiulize: nani atakatazwa nini?

Jiandae pia na pingamizi kubwa, kwamba majaji hawakuchaguliwa na mtu, wakiruhusiwa kuongeza haki wataongeza wanazozipenda wao. Usilidharau, lina ukweli. Jaji Black wa mahakama hiyo ya Marekani, kwenye kesi ya Griswold ya 1965 kuhusu faragha ya wanandoa, alisema hata yeye anapenda faragha yake, ila serikali inaruhusiwa kuiingilia kama hakuna kifungu mahsusi kinachokataza. Mimi nikikutana na hoja hiyo najibu kwamba anayesema haki haipo kwa kuwa haijaandikwa naye ameshafanya uamuzi, ameipa serikali madaraka ambayo nayo hayajaandikwa, so wote wawili tunatafsiri, tubishane nani ana sababu nzuri zaidi.

Alafu ukishinda usilale. Haki ya kutoa mimba Marekani ilitambuliwa 1973, ikafutwa 2022 na Mahakama ya Juu hiyo hiyo kwa maelezo kwamba haina mizizi kwenye historia, miaka 49 baadaye, na uiunge mkono au uipinge unaona jinsi kilichotolewa na tafsiri kinavyoondoka na tafsiri. Miezi michache tu baadaye, Desemba 2022, Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kulinda ndoa za watu wa rangi tofauti na za jinsia moja, ingawa hakuna hukumu iliyokuwa imeziondoa. Na wewe fanya hivyo mapema, chukua maneno ya hukumu yako kama yalivyo uyapeleke bungeni yawe sheria wakati kesi bado inaongelewa.