Jinsi ya kufuatilia historia ya vitu alivyoacha askari wa Keya

Familia nyingi zimehifadhi kopo au sanduku la babu aliyekuwa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki: medali, sahani ya bati, picha, cheti cha kuachishwa jeshi. Fuata utaratibu huu.

Hatua ya 1. Usiing'arishe medali. Hamu ya kuiona ikimeta naielewa, lakini medali za vita ya 1914–1918 zilipigwa chapa ya namba, cheo, jina na kikosi ukingoni, na kila ukisugua herufi hizo zinalika. Zima taa, mulika ukingo kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kisha zungusha medali polepole. Herufi hafifu zitaonekana kwa kivuli chake. Nakili kila kitu jinsi kilivyo. Karani aliandika jina alivyolisikia, L ikawa R, jina la baba likaachwa, kwa hiyo itegemee zaidi namba.

Hatua ya 2. Nyota ya shaba yenye pembe sita ni ya vita ya 1939–1945. Askari wetu walipewa nyota hizo bila majina, basi soma utepe. Buluu iliyoiva yenye mstari mpana mwekundu katikati na mistari myembamba ya rangi ya chungwa ni Nyota ya Burma. Rangi ya mchanga yenye mistari mwekundu, buluu nzito na buluu nyepesi ni Nyota ya Afrika, waliyopata pia waliopigana na Waitalia huko Ethiopia na Somalia. Ila tepe hubadilishwa, na nyota isiyo na jina huweza kuuzwa. Peke yake si ushahidi.

Hatua ya 3. Tazama picha kwa kioo cha kukuzia. Kichwa cha kifaru begani ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw, Burma, katika mvua za 1944. Kwenye sahani au chupa ya maji tafuta kimshale, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mwaka ulio kando yake ni wa kutengenezwa, si wa kuandikishwa.

Hatua ya 4. Waulize wazee. Hapa usiwe na haraka. Swali la "alipigana wapi?" mara nyingi halizai kitu. Uliza alisimulia habari za meli? Tope? Wajapani? Alirudi na maneno gani ya kigeni?

Hatua ya 5. Ukishapata namba ya batalioni, shajara za vita za vikosi vya Burma zimo kwenye mafaili ya WO 172 katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza (The National Archives), Kew, London. Humo maofisa hutajwa kwa majina, askari kwa nadra, lakini utajua kikosi kilikuwa wapi siku hadi siku. Kama alifia vitani, tafuta pia katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Usipomkuta, usikubali kuambiwa hakuwepo: Waafrika wengi, hasa wapagazi wa vita ya kwanza, hawakuandikwa majina.

Mwisho, andika kwa penseli karatasi mbili: moja ya uliyoyaona kwenye vitu na nyaraka, nyingine ya uliyosimuliwa na jina la msimulizi. Zihifadhi pamoja na vitu hivyo.